Kwa Resti, Kuhusu Kidevu Chetu

Kasansa, Jumapili mchana

Resti binti yangu,

Umekwenda parokiani kuwaaga wenzako wa kwaya kabla ya safari yako ya shule Tabora, na bibi amejilaza kidogo. Nimekaa mlangoni, daftari nimeliweka juu ya kinu nilichokipindua, maana meza imejaa vitu vyako. Nina muda mpaka kwaya imalize kukuimbia. Ninavyowajua, wataimba mpaka jua lizame, kwa hiyo sina haraka. Ila nisizunguke pia, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jana uliniambia, "Mama, kesho kutwa lori likija, mimi sipandi." Nikakuuliza kwa nini. Ukasema tumbo linauma. Nikanyamaza, na nadhani ulifikiri nimekasirika. Sikukasirika. Nilishtuka, kwa sababu tumbo hilo nalijua. Ni langu. Nililitumia mimi miaka mitatu iliyopita, kwa maneno hayohayo na mkono umewekwa hapohapo, na likanitoa shuleni nisirudi tena.

Tena nilikuwa najua tangu Alhamisi. Nilikuwa napanga nguo zako sandukuni, nikakuta wembe umeukunja ndani ya karatasi ya daftari, na ukingoni kuna damu iliyokauka. Jioni nikakutazama vizuri ulipokuwa unapuliza moto. Una mkwaruzo chini ya kidevu, na juu ya mdomo umejipaka poda kama mtoto mchanga aliyetoka kuoga. Unajua nilifanya nini? Nilikuwa nimeshaurudisha wembe palepale na kufunika sanduku, basi nikachukua ufagio nikaenda kufagia uwanja nilioufagia asubuhi. Bibi akauliza, "Oliva, unafagia nini tena, nyayo zako?"

Mimi siyo msemaji, unanijua. Wageni wakija naingia jikoni. Padri akinisalimia naviangalia viatu vyake. Watu wanasema Oliva ana adabu. Siyo adabu, ni woga tu, na woga ukikaa vizuri watu wanauita adabu. Nikisema nikueleze haya kwa mdomo, nitafika katikati nitageuza habari iwe ya mboga. Kwa hiyo naandika.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala kufuli la sanduku, wala kutokula mihogo ya kila stesheni mpaka Tabora. Hayo bibi amekwambia mara kumi na utayasahau mara kumi na moja. Nataka kuandika kitu kimoja tu, ambacho katika nyumba hii watu wamekizunguka miaka yote bila kukitaja. Nywele za kidevuni. Zako, na zangu. Haya, nimeandika.

Najua watu wanavyocheka ukiniita mama. "Mama wa miaka kumi na tisa, mtoto wa miaka kumi na minne! Oliva, ulimzaa ukiwa chekechea?" Wacheke. Kwetu mdogo wa mama ni mama, awe na mvi au awe na daftari la hesabu mkononi. Dada yangu alipofariki wewe ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na moja. Siku ya tatu baada ya maziko ulinishika sketi ukasema, "Mama, nina njaa." Wanawake wote waliokuwa jikoni wakawa wananitazama mimi. Nikakuchotea ugali. Hakuna aliyeniapisha, lakini tangu siku ile mimi ni mama yako, na mama aliyeuona wembe wa mtoto akaenda kufagia lazima ajieleze.

Nywele zangu zilianza nikiwa darasa la sita. Mwanzoni nilidhani ni masizi. Nilisugua kwa gunzi la mahindi mpaka kidevu kikawa chekundu, na masizi hayakutoka. Wa kwanza kuziona alikuwa binamu yangu Longino, mtoto wa shangazi. Tulikuwa tunavuna mpunga, tumekaa kivulini kupumzika, watu kama ishirini. Akaja akasimama mbele yangu, akavua kofia, akainama kwa heshima zote.

"Shikamoo, babu."

Shamba zima likaangua kicheko.

"Babu, mbona leo umekuja bila fimbo? Au umemwachia bibi nyumbani?"

Desturi unaijua. Binamu ni mtani. Akikwambia una sura ya ngiri, unamwambia ngiri ndiye aliyemnyonyesha yeye, mnacheka wote, mchezo umekwisha. Nilitakiwa nijibu tu, "Marahaba mjukuu wangu, sogea nikutume tumbaku." Watu wangecheka mara mbili na yeye ndiye angetafuta pa kujificha. Badala yake nililia. Niliinuka nikakimbilia kwenye tuta la mbali, nikavuna peke yangu mpaka jioni.

Longino hakutaka kuniumiza. Mtani asipojibiwa hana pa kwenda. Alishangaa, akavaa kofia yake, akaondoka kimya, na tangu siku ile hakunitania tena kuhusu kitu chochote, hata miguu yangu mirefu aliyozoea kuiita nguzo za simu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alipoacha kunitania nikajua kumbe ni kweli. Mimi mwenyewe ndiye niliyeufanya kuwa kweli, kwa kulia.

Sasa nikwambie habari ya alama hii ya kidevuni kwangu, ambayo wewe unajua ni ya uji. Siyo ya uji.

Nilikuwa nimerudi likizo ya mwezi wa sita, kidato cha kwanza. Bibi akanituma mayai kwa mzee Kasiani, yule wa nyuma ya kanisa, na yeye siku hizo alikuwa anatengeneza ngoma mpya za kwaya. Nikamkuta na ngozi ya ng'ombe. Alikuwa ameipaka majivu ya maganda ya maharage, yale makali ambayo bibi anayachuja maji ya kupikia mlenda. Aliyalowesha mpaka yakawa kama tope, akaipaka ngozi upande wa nywele, akaikunja, akaifunika kwa siku mbili. Siku hiyo ndiyo alikuwa anaifunua. Akachukua kipande cha mti akaparua, na nywele zikaondoka zote kama mtu anavyofuta makombo mezani. Chini yake ngozi ikabaki nyeupe, haina hata unywele mmoja.

Nikamuuliza, "Mzee, zinaota tena?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Binti, umewahi kuona ngoma yenye ndevu?"

Mimi nilikuwa na alama za juu kwenye Biolojia. Nilikuwa nimechora ngozi ya binadamu na tabaka zake zote, nikazitaja kwa Kiingereza bila kukosea, na mwalimu akaliinua daftari langu darasa zima waone. Nikaondoka kwa mzee Kasiani nawaza ng'ombe.

Kesho yake mchana nyie mkaenda shamba, mimi nikasema nabaki kupika. Nikalowesha majivu, nikapaka, nikafunga kwa kipande cha shuka. Mwanzo iliwasha kama upupu. Nikasema moyoni, inafanya kazi. Kisha ikaanza kuchoma. Nikasema, inafanya kazi vizuri. Nikauma pindo la kanga nikahesabu mpaka mia, nikaanza tena moja. Nilipofungua kile kitambaa, ngozi ilikuja nacho. Resti, leo naweza kucheka: ngozi iliondoka, nywele zikabaki zimesimama.

Mliporudi nikasema uji ulinirukia. Wewe ulinipulizia kidonda jioni yote. Ulikuwa na miaka kumi. Bibi alinitazama kidogo, akaniletea mafuta ya nyonyo, akasema, "Uji ni mbaya sana."

Nilirudi shule Mpanda na kovu bichi, na nywele zilipoanza kuota tena ziliota kando ya kovu, zikawa zinaonekana zaidi. Hapo ndipo nilipoanza kazi yangu halisi pale shuleni, na siyo kazi ya kusoma. Nilikuwa naamka kabla ya kengele, naenda bafuni peke yangu kunyoa kwa kupapasa, bila kioo. Siku niliyopoteza wembe wangu nilichukua wa msichana wa kitanda cha jirani bila kumwomba, nikaurudisha bila kumwambia. Wiki hiyohiyo walikuwa wamekuja watu wa afya kutufundisha habari za UKIMWI, na mimi nilikaa mstari wa mbele nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba wembe hauchangiwi. Hicho ndicho ninachokiona aibu mpaka leo. Nywele siyo aibu, kile ndicho aibu.

Darasani nikahamia nyuma. Mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo, lakini ukinyoosha mkono watu wanageuka. Kwa hiyo nikaacha kunyoosha. Nilikaa nimeshika kidevu kama mtu anayefikiri sana, na walimu wakaandika kwenye ripoti kwamba nimezubaa. Matroni wetu alikuwa mama mpole, mara mbili aliniita akaniuliza nina shida gani. Pale ilikuwa Kiingereza tu kuanzia kengele ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilijua kusema kwa Kiingereza chura anavyopumua. Sikujua kusema, "Mama, ninaogopa uso wangu." Nikasema nipo sawa. Hilo ni rahisi kwa lugha zote.

Sasa lile tumbo. Kidato cha pili alikuja mpiga picha kupiga picha za vitambulisho. Akaweka benchi nje, jua la saa nne, shuka jeupe limetundikwa nyuma. Tukapanga foleni. Nilipofika kwenye benchi nikakaa, mkono uko kidevuni kama kawaida yangu. Yule mpiga picha akasema, taratibu kabisa, "Binti, toa mkono tuuone uso."

Nikainuka nikaondoka. Nilipita katikati ya foleni, nikaenda bwenini, nikalala kifudifudi, na siku hiyohiyo nikaanza kuumwa tumbo. Wakanipa ruhusa nije nyumbani nipumzike wiki moja. Hiyo wiki haijaisha mpaka leo.

Sikiliza sehemu hii vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu kuliko zote. Miaka mitatu nimejisimulia kwamba siku ile walicheka. Nimesikia kicheko chao nikiwa shambani, nimekisikia nikiwa kwenye misa. Juzi nimekaa nikakumbuka kwa utaratibu, sura moja moja. Aliyekuwa nyuma yangu alikuwa anafunga kamba za viatu. Wawili walikuwa wanagombania kitana. Mmoja aliniuliza, "Oliva, vipi, umesahau nini?" Hakuna aliyecheka. Nilikimbia kicheko ambacho hakikuwepo, mwanangu, na nikakipa shule yangu yote.

Utasema, lakini wengine watacheka kweli. Ndiyo. Siwezi kukudanganya. Bweni la wasichana mia halikosi mwenye ulimi. Yupo atakayekuita babu, mwingine atakuita padri. Huko hakuna binamu, na wengine hawatanii, wanauma. Lakini umenishinda kwa kitu kimoja. Nimekusikia ukijibizana na Longino. Juzi alikwambia treni haibebi mbuzi, ukamwambia, "Ndiyo maana wewe umebaki Kasansa." Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Ulimi huo uuchukue. Usiufungie sandukuni pamoja na poda.

Nikueleze na habari ya bibi, maana hii huijui kabisa.

Mwaka jana macho yake yalipoanza kuwa na ukungu, aliniita nyuma ya ghala, Jumapili kabla ya misa. Amekaa kwenye kigoda, mkononi ana kijisahani cha majivu makavu. Akasema, "Oliva, nitolee haya mandevu. Mimi sioni tena." Nilidhani sikusikia vizuri. Akainua kidevu, akanionyesha: unapaka majivu kidogo kwenye ncha za vidole ili zisiteleze, unashika unywele mmoja, unavuta haraka. Majivu makavu, Resti, ya vidoleni! Nilipoona kile kijisahani kovu langu liliwasha.

Nikamtoa wa kwanza, wa pili. Nikamuuliza, "Bibi, unazo tangu lini?" Yule ni mama yangu mzazi, lakini unajua tunavyomwita wote bibi kwa ajili yako.

"Tangu nilipovunja ungo. Na mama yangu alikuwa nazo. Na dada yako, marehemu, alikuwa nazo hapa na hapa. Alikuwa anakuja huku nyuma kila Jumapili, nikimaliza zangu namtoa zake."

"Na mimi je?"

"Wewe uliniambia ni uji."

"Ulijua siyo uji?"

"Oliva, uji gani unaounguza pembe nne kama kitambaa? Nilikuwa nasubiri useme."

"Na mimi nilikuwa nasubiri uniulize!"

Akasema, "Basi tumesubiriana vizuri." Akainua tena kidevu niendelee na kazi.

Sikumlaumu. Yeye alifundishwa kwamba mambo ya mwili binti akiwa tayari atayaleta mwenyewe. Mimi nilifundishwa kwamba mkubwa akitaka kukwambia atakwambia. Tukakaa nyumba moja, tunapika jiko moja, kila mmoja na kidevu chake. Mama yako angekuwa hai labda angenivuta sikio akanipeleka nyuma ya ghala. Hakuwepo. Na Alhamisi, nilipoona wembe wako, mimi ninayeyajua haya yote, niliyelia kwa ajili ya haya yote, nilianza kusubiri. Nilianza kukusubiri wewe useme! Nilipoligundua hilo niliutupa ule ufagio.

Kwa hiyo Ijumaa nilikwenda zahanati. Nilikaa kwenye benchi mpaka watu wakaisha. Nesi Demetria akanitazama. "Wewe unaumwa nini?"

"Siumwi. Kuna mtu ameniagiza niulize."

"Huyo mtu ana kidevu kama chako?"

Nilitaka kusimama niondoke. Nikashika benchi kwa mikono miwili, nikasema, "Ni mimi. Na mwanangu."

Akafunga mlango. Akavuta kiti. Tuliongea muda mrefu, na nakuandikia alichosema kwa namna nilivyokielewa.

Alisema wanawake wengi wanazo kuliko wanaokiri, na mara nyingi zinakwenda kwa ukoo, kama pua. Zinakuja pale mwili wa msichana unapokuwa mwanamke. Hujalogwa, hugeuki mwanamume, na wala haina maana kwamba hutazaa; bibi amezaa saba. Alisema kunyoa hakuzifanyi ziwe nene. Unywele uliokatwa unachoma kidole kwa sababu ncha yake imekuwa butu, basi. Ukitaka kunyoa, nyoa: wembe wako mwenyewe, safi, usiopitia kwa mtu mwingine hata rafiki wa roho, ngozi iwe imelowa na ina povu la sabuni, na uufuate unywele unakoelekea. Mkwaruzo wako umetokana na kunyoa kukavu, tena gizani. Ukitaka kung'oa, ng'oa kwa vidole safi, na kukitokea kipele usikitumbue. Ukitaka kuziacha, ziache. Nilimuuliza mara mbili hilo la mwisho. Akasema, "Ni zako. Nani atakushtaki?"

Akaniambia nikukataze vitu viwili, na hapa nakukataza kweli kama mama. Usipake chochote kinachounguza, iwe majivu ya kulowesha, magadi, au dawa ya mtu wa sokoni anayeapa kwa jina la mama yake. Na zile krimu za kung'arisha uso, ambazo wasichana watakuonyesha bwenini, usiziguse. Nyingine zinaharibu ngozi, na nyingine zinaotesha nywele zaidi. Halafu akasema, ikitokea siku zako zinapotea miezi na miezi, au sauti inakuwa nzito, au nywele zinakuja kwa kasi kifuani na tumboni, usikae nalo. Nenda hospitali, mwambie daktari, kuna vipimo. Nilimwambia siku zako zinakwenda vizuri. Samahani kwa kusema mambo yako. Nilikuwa nimeshaanza kusema, nikaona ni vigumu kuacha.

Nimekuwekea nyembe mpya tano, hazijatumika hata moja, pamoja na kioo kidogo. Ule wa zamani nimeuchukua. Unaona, mara hii sikuurudisha palepale.

Wiki ya kwanza, mtafute mtu mmoja umwambie. Mmoja anatosha. Matroni, au nesi wa shule, au msichana wa kitanda cha jirani. Mwambie wewe kabla yeye hajaona, mchana, ukimtazama. Kama Kiingereza hakitoki, sema Kiswahili. Kama Kiswahili nacho kinakwama, mshike mkono umwonyeshe kidevu. Kama kuna adhabu ya kusema Kiswahili, ipokee. Kufagia bweni wiki moja ni kazi ndogo. Mimi nimefagia uwanja huu miaka mitatu.

Usidhani nakuandikia ili uninyanyulie nilichokiangusha. Hapana, cha kwangu nitakiinua mwenyewe. Nimeuliza, kuna mtihani wa watahiniwa wa kujitegemea, na fomu zake zinatolewa Mpanda. Wanataka picha mbili. Nimeisoma hiyo sehemu ya picha, nikaisoma tena, halafu jana asubuhi nimekwenda kwa mwenye lori nikamwambia Jumatatu tuko wawili. Bibi nimemweleza. Amesema, "Nenda. Mlenda nitapika mwenyewe, hata kipofu anaujua." Nitakufikisha mpaka kwenye treni. Kisha nitakwenda kukaa kwenye benchi la mpiga picha, na mikono yangu nitaikalia.

Nawasikia, mnakuja. Sauti yako naijua hata ikiwa katikati ya arobaini. Namalizia.

Barua hii nitakupa sasa hivi, siyo kesho kituoni, ili usije ukapata sababu ya kuisoma ukiwa mbali halafu ukanijibu kwa posta. Isome nyuma ya ghala. Mimi nitakuwa hapahapa mlangoni, sitaingia jikoni hata waje wageni.

Kesho lori likipiga honi, nitapanda mimi kwanza. Nitakaa juu ya magunia, nitakunyooshea mkono. Ukiushika, tunakwenda. Usipoushika, nitashuka, mbele ya dereva na ya kwaya nzima na ya kila atakayekuwa barabarani, na nitakuuliza kwa mdomo wangu huu mzito unaogopa nini, na sitasogea mpaka unijibu. Lori na liondoke, litarudi lingine. Kukusubiri nitakusubiri, lakini siyo kimya tena.

Mama yako,
Oliva